Gondokoro: Magofu Yasiyo na Kuta

JUBA – Gondokoro ni safari fupi ya boti kutoka Juba. Mgeni anayetarajia kuta za mawe kama za Kilwa au Gedi atakuta mashamba, ng'ombe na mchanga wa mto Nile.

Hata hivyo, katika karne ya 19 hapa ndipo vyombo kutoka Khartoum vilipoishia, kwani upande wa kusini maporomoko yalifunga njia. Miaka ya 1850 mapadri Wakatoliki kutoka Austria walijenga misheni ya matofali. Homa iliwaua wengi, misheni ikafungwa. Wakabaki wafanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa.

Februari 1863, John Speke na James Grant, waliotokea Zanzibar kupitia Buganda, walikutana hapa na Samuel Baker. Baker aliporudi mwaka 1871, misheni ilikuwa imetoweka. Aliandika kwamba wenyeji walisaga matofali yake wakapata rangi ya kujipaka mwilini. Ilibaki michache ya milimau. Mwaka 1874, Charles Gordon alihamishia makao ya utawala Lado.

Sudan Kusini iliridhia Mkataba wa Urithi wa Dunia mwaka 2016, mwaka ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Deim Zubeir, kituo kingine cha biashara ya watumwa, kimo katika orodha yake ya mapendekezo; Gondokoro haimo.

Kuta hazirudi tena. Kinachoweza kuokolewa ni masimulizi ya wazee wa Kibari, na japo bango la kumweleza anayeshuka botini kwamba hapa watu waliuzwa.