Presha ya Macho kwa Weusi wa Uingereza

Glakoma, ambayo wengi wetu tunaiita presha ya macho, kwa kawaida haiumi. Majimaji yanayotengenezwa ndani ya jicho yakikosa njia nzuri ya kutokea, shinikizo hupanda na kuharibu neva inayopeleka picha kwenye ubongo. Neva hiyo ina nyuzi zipatazo milioni moja, nazo zikifa hazioti tena. Mara nyingi uoni wa pembeni ndio hutangulia kupotea. Jicho moja hufidia upungufu wa jingine, ubongo huziba mapengo, na mtu huendelea kusoma gazeti huku neva inateketea.

Hatari hiyo haiko sawa kwa wote. Uchunguzi uliofanywa Baltimore, Marekani, na kuchapishwa mwaka 1991, ulikuta aina ya glakoma iliyo ya kawaida zaidi ikiwa mara 4 hadi 5 kwa Weusi kuliko kwa Wazungu, na karibu nusu ya waliokutwa nayo hawakuwa na habari. Kwa watu wenye asili ya Afrika huanza mapema. Tena konea zao, yaani utando angavu wa mbele ya jicho, kwa wastani ni nyembamba, jambo linaloweza kufanya kipimo cha shinikizo kionyeshe namba ndogo kuliko hali halisi. Ndiyo maana lazima neva yenyewe itazamwe.

Uingereza ina dawa za matone, upasuaji na leza. Tangu 2022 leza ndiyo inayopendekezwa kwanza kwa wagonjwa wengi wapya. Vyote hivyo huokoa uoni uliobaki tu, havirudishi uliopotea. Kwa hiyo kila kitu kinategemea nani anapimwa mapema.

Uskoti, kupima macho ni bure kwa wakazi wote tangu 2006. England, ni bure ukifika miaka 60, au ukiwa na kisukari, au kipato chako kikiwa kidogo kiasi cha kupata misaada fulani ya serikali. Ukifika 40 ni bure pia, iwapo mzazi, ndugu wa tumbo moja au mtoto wako ana glakoma. Kuwa Mweusi peke yake hakukupi haki hiyo.

Sharti la ndugu linaonekana la haki, lakini ndilo linaloniuma zaidi. Mama aliyepofuka Bujumbura au Kigoma bila kufikishwa kwa daktari wa macho hakuachiwa jina la ugonjwa. Nyumbani walisema ni uzee, wengine wakasema amerogwa. Mwanawe aliyeko London, mwenye miaka 45, akiulizwa kama kuna glakoma katika ukoo, atajibu kwa moyo safi kwamba hakuna. Waliokosa matibabu kizazi kilichopita wanawakosesha watoto wao kipimo, na hakuna aliyekusudia.

Mlango wa kufikia kipimo nao ni duka la miwani. Duka huishi kwa kuuza miwani, kwa hiyo hufuata mitaa yenye fedha, na maskini huogopa kuingia akidhani atalazimishwa kununua. Hospitalini, mtoto wa shule hugeuzwa mkalimani wa habari nzito za mzazi wake, ilhali hospitali ndiyo inayopaswa kuleta mkalimani.

Hata uoni ukishapotea, msaada upo. Daktari bingwa akisaini cheti cha ulemavu wa kuona, halmashauri humsajili mtu, na njia hufunguka ya kufundishwa kutembea kwa fimbo nyeupe na kupata nafuu mbalimbali. Si lazima uwe kipofu kabisa. Wengi wetu hukikwepa cheti hicho kwa aibu.

Msomaji uliyeko Uingereza, piga simu nyumbani uulize nani katika ukoo alipofuka, na alianzaje. Ukifika miaka 40 kapime hata kama unaona vizuri; mweleze mpimaji uliyoyasikia, umwombe aitazame neva. Kipimo si mkataba wa kununua miwani.