Shahada Moja, Vyuo Viwili

Wiki hii nataka tulitazame neno linalosikika sana katika matangazo ya vyuo: ushirikiano. Muuguzi mwenye stashahada, aliyekesha wodini miaka mingi, anaambiwa sasa aweza kupata shahada kwa ushirikiano wa chuo kikuu cha nyumbani na cha ng'ambo. Ni habari njema. Lakini kabla hajatoa akiba yake kulipa ada, yafaa ajue ushirikiano huo ni wa namna gani.

Kwa kawaida namna ni tatu. Ya kwanza, mwanafunzi huanza masomo nyumbani, akaenda kuyamalizia chuo cha pili. Ya pili, husoma nyumbani mpaka mwisho, lakini shahada hutolewa na chuo cha mbali. Ya tatu, chuo kikongwe hukisaidia kichanga kutunga mtaala na kusomesha walimu, na shahada hutolewa na kile kichanga.

Mimi naipenda hii ya tatu, na mfano ninao. Shule ya uuguzi ya Aga Khan ilifunguliwa Karachi, Pakistan, mwaka 1980. Chuo Kikuu cha McMaster cha Hamilton, Kanada, kikashirikiana nayo kwa fedha za msaada za serikali ya Kanada. Wahadhiri walitoka Kanada kwenda Karachi. Wauguzi wa Karachi nao walikwenda Hamilton kusomea shahada ya uzamili, wakarudi kufundisha. Mwaka 1988 ikaanza shahada kwa wauguzi waliokwisha kupata stashahada. Mwaka 1997 ikafuata ile ya miaka minne kwa wanaoanza uuguzi.

Matunda yake yalifika hata kwetu. Kuanzia mwaka 2001 chuo hicho kikaanza kufundisha wauguzi wa Kenya, Uganda na Tanzania. Vipindi vilipangwa siku chache za wiki, ili muuguzi abaki kazini, mshahara usikatike na wodi isibaki tupu. Aliyefundishwa jana akawa mwalimu wa wengine.

Wapo wanaouliza, mgonjwa atafaidika nini na shahada ya nesi? Mwaka 2014 jarida la Lancet lilichapisha uchunguzi wa hospitali 300 katika nchi 9 za Ulaya. Wauguzi wenye shahada walipozidi kwa asilimia 10, uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufariki katika siku 30 ulikuwa pungufu kwa asilimia 7. Sababu si ngumu kuiona: muuguzi ndiye anayekaa na mgonjwa usiku kucha, na ndiye wa kwanza kuiona hali inapobadilika.

Basi wewe unayejaza fomu, uliza mambo manne. Cheti kitakuwa na jina la chuo gani? Je, baraza la wauguzi la nchi yako linakitambua? Mafunzo ya vitendo yatafanyika hospitali ipi, na nani atasimamia? Na ikiwa mmoja wa washirika atajitoa katikati, nani atakumalizisha? Taka majibu kwa maandishi. Chuo chenye nia njema hakitakasirika kuulizwa. Kinachobabaika, kiogope.

Ushirikiano mwema ni ule ambao mgeni akiondoka, darasa linaendelea.