Mshirika Anapoomba Njia: Kura ya Uturuki ya 2003

Tukisikia nchi mbili zina mkataba wa kusaidiana, tunadhani wakubwa wakishakubaliana, mambo yamekwisha. Kura iliyopigwa Ankara tarehe 1 Machi 2003 inatuonyesha vingine.

Marekani ilikuwa ikijiandaa kuivamia Iraki. Iliiomba Uturuki, mshirika wake katika NATO tangu 1952, iwaruhusu askari wapatao 62,000 wapite kuingia Iraki kutokea kaskazini. Msaada wa mabilioni ya dola uliahidiwa, na serikali ikapeleka ombi hilo bungeni. Wananchi walio wengi hawakutaka. Walikumbuka vita vya Ghuba vya 1991: wakimbizi waliomiminika mpakani, biashara iliyokufa. Siku ya kura, maelfu waliandamana mjini.

Wabunge 264 walisema ndiyo, 250 hapana, 19 hawakuegemea upande wowote. Ndiyo ndizo zilizozidi, sivyo? Lakini ilitakiwa zaidi ya nusu ya wote waliohudhuria, yaani 267. Ombi likaanguka kwa upungufu wa kura tatu, na baadhi ya waliolikataa walikuwa wa chama tawala chenyewe.

Hispania serikali iliwaunga mkono Wamarekani, ingawa takriban watu 9 kati ya 10 walipinga vita hivyo. Ilipeleka askari, mwaka 2004 serikali mpya ikawarudisha nyumbani.

Sisi wa falsafa hufundishwa mapema kwamba wingi wa watu haufanyi jambo kuwa kweli. Ni sawa. Tena Katekisimu, namba 2309, baada ya kutaja masharti ya vita halali, inaacha uamuzi kwa busara ya wale wenye dhamana ya manufaa ya wote. Wapo wanaolisoma fungu hilo kana kwamba raia anyamaze. Mimi sioni hivyo. Mtu wa mpakani anajua jambo ambalo waziri huenda asilijue: nani atalipa gharama. Busara isiyomsikiliza huyo inaamua nusu ya habari ikiwa haipo. Papa Yohane Paulo II naye, aliyepinga vita hivyo, alimtuma Kardinali Pio Laghi kwa Rais Bush siku chache tu baada ya kura ya Ankara.

Je, urafiki ulivunjika? Washington walikasirika sana. Hata hivyo, tarehe 20 Machi bunge lilelile liliruhusu ndege za Marekani kupita katika anga ya Uturuki, na nchi hizo mbili zimebaki pamoja katika NATO.