Kisangani: Kabla ya kufuta faili ya piloti usiyoijua

Mjini Kisangani, mwanafunzi anayeandika TFC kwenye kompyuta ya mkono wa pili anarithi pia piloti za printa na modemu ambazo hajawahi kuziona. Piloti ni faili inayoiwezesha Windows kuongea na kifaa. Inafanya kazi ndani kabisa ya mashini: ikiharibika, skrini inageuka bluu; ikiwa ya mwizi, inaona yote.

Hofu hiyo si ya bure. Mwaka 2010, kirusi Stuxnet, kilichosambaa kwa fleshi, kilitumia piloti zenye sahihi zilizoibwa kwa Realtek na JMicron, kampuni za Taiwan.

Kosa kubwa ni kuingia System32\drivers na kufuta kwa mkono. Ukigusa piloti ya diski, mashini haiwaki tena, na TFC iko ndani. Kwanza nakili kazi yako kwenye fleshi, betri iwe imejaa, maana umeme hauna ahadi. Fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika pnputil /enum-drivers. Utaona piloti zilizoongezwa, jina (mfano oem12.inf), kampuni, tarehe na sahihi. Tarehe ya 1968 isikutishe: Intel huiweka makusudi, ndio mwaka ilipoanzishwa.

Kisha andika pnputil /delete-driver oem12.inf. Kama kuna kifaa kinachoitumia, Windows itakataa. Ni kinga nzuri, usikimbilie kulazimisha.

Kirusi chenyewe huenda kisionekane katika orodha hiyo. Hapo tumia ukaguzi wa Defender unaofanyika kabla Windows haijawaka.