Jina la Safu Likibadilishwa, Taarifa za Mwananchi Huenda Wapi?

Daftari la ofisi ya kata huchorwa safu wima kwa rula, na juu ya kila safu huandikwa kichwa: jina, umri, kitongoji, namba. Kanzidata ya kompyuta hufuata mpangilio huohuo. Tofauti yake ni kwamba kichwa cha daftari husomwa na karani, ambaye huelewa hata kikiandikwa vibaya, ilhali kichwa cha safu katika kanzidata husomwa na programu. Programu hutafuta jina ililofundishwa; isipolikuta, husimama.

Mara nyingi jina hubadilishwa ili kuondoa utata. Chukulia orodha ya wazee wasio na uwezo, wenye umri wa miaka 60 na zaidi, wanaostahili msamaha wa gharama za matibabu. Ikiwa safu mojawapo inaitwa "namba" tu, ni namba ipi? Namba ya NIDA ina tarakimu 20, ya simu 10, na postikodi ya kata 5. Mtumishi akijaza namba ya simu palipokusudiwa ya NIDA, mzee hatatambuliwa dirishani. Safu ikiitwa "namba_ya_nida", utata huisha.

Kubadili jina la safu peke yake hakufuti taarifa zilizomo. Hata hivyo, kila mfumo wa kanzidata una utaratibu wake. Katika PostgreSQL na Oracle, amri moja fupi hutaja jina la zamani na jipya. MySQL ilipata amri ya namna hiyo katika toleo la 8.0, mwaka 2018. Katika matoleo yaliyotangulia, fundi hulazimika kuandika upya sifa zote za safu: aina ya taarifa, urefu wake, na kama inaruhusiwa kuachwa wazi. Akisahau sifa moja, safu hubadilika tabia pamoja na jina. SQL Server hutumia utaratibu wake wa pekee. SQLite, inayotumika ndani ya simu na vishikwambi, nayo ilipata uwezo huo mwaka 2018. Katika matoleo ya zamani zaidi, njia ya kawaida ni kuunda jedwali jipya na kuhamishia taarifa humo.

Hatari kubwa huja baada ya amri kutekelezwa. Orodha ya kituo cha afya inaweza kuwa katika mfumo mmoja, na ya ofisi nyingine katika mfumo tofauti. Jina likibadilishwa upande mmoja tu, programu ya upande wa pili huendelea kuuliza jina la zamani. Huenda ikakataa kufanya kazi, au ikapokea orodha huku safu ya namba ikiwa tupu. Mzee aliyesajiliwa kihalali huonekana kana kwamba hakusajiliwa, naye akaambiwa alipe.

Kwa sababu hiyo, mafundi makini huanza kwa kuweka nakala rudufu na kufanya jaribio pembeni. Kisha huongeza safu yenye jina jipya kando ya ile ya zamani, wakahakikisha kila taarifa inaandikwa katika zote mbili. Programu huhamishwa moja baada ya nyingine, na safu ya zamani huondolewa pale tu ambapo hakuna programu inayoitegemea.

Mwananchi naye ana sehemu yake. Aendapo kupata huduma, achukue kitambulisho na barua au kadi ya msamaha, na aombe asomewe jina na namba zilizoandikwa. Akiambiwa kwamba hayumo kwenye mfumo, haimaanishi kwamba haki yake imefutwa. Aombe atafutwe kwa jina na kijiji chake. Asipopatikana, atoe taarifa kwa Mtendaji wa Kata ili kumbukumbu zilinganishwe. Haki ya matibabu haipotei kwa kubadilika kwa jina la safu.