Mstari wa Kitabu Ukipanda Jukwaani

Vijana wa Magongo, huku Changamwe, wanaochora matatu na kuta za maduka wanajua jambo ambalo wachoraji wengi hulisahau: picha ya barabarani husomwa kwa mbali, na anayeisoma hana muda. Kanuni hiyo hiyo ndiyo inayotawala jukwaa la opera, mchezo ambao wahusika huimba badala ya kusema. Aliyeionyesha vizuri ni mchoraji wa vitabu vya hadithi, Ivan Bilibin wa Urusi (1876–1942).

Mwaka 1909, kampuni ya opera ya Sergei Zimin mjini Moscow ilimkabidhi Bilibin mandhari ya Jogoo wa Dhahabu, opera ya Nikolai Rimsky-Korsakov. Mtunzi alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla bila kuiona jukwaani, kwa sababu wakaguzi wa serikali hawakupendezwa na kisa cha mfalme mvivu. Bilibin alikijua vyema kisa hicho. Alikuwa ameshakichorea kitabu, kutoka kwa shairi la mwandishi wa Urusi, Pushkin.

Kurasa zake zina mstari mweusi usiotetereka na rangi bapa zisizo na vivuli vingi. Wenzake walimwita Ivan Mkono wa Chuma. Kati ya 1902 na 1904 alizunguka kaskazini mwa Urusi akirekodi nyumba za mbao, makanisa na nguo za tarizi. Ndiyo maana hata jumba la kingano alilichora kama jengo lenye fundi wake.

Mchoro unakuaje hadi kulijaza jukwaa? Tuseme pazia la nyuma lina upana wa mita 12. Kwa kipimo cha moja kwa ishirini, mchoro wake mezani ni sentimita 60. Mafundi huupiga miraba, wakapiga miraba mikubwa kwenye kitambaa, kisha wakahamisha umbo mraba kwa mraba. Mstari wa milimita 2 unakuwa wa sentimita 4, na kosa dogo la mezani hukua nao. Mbele ya pazia hilo huning'inizwa vitambaa vya pembeni, kimoja nyuma ya kingine, na waimbaji hupita katikati yake. Kina cha jukwaa hutokana na mpangilio huo, kwa hiyo pazia lenyewe halilazimiki kuhadaa jicho.

Pwani yetu inayo sanaa iliyo jirani. Miaka ya 1990, wapiga picha wa kivuko cha Likoni waliwasimamisha wateja mbele ya mandhari zilizochorwa. Kazi ile ililenga kamera iliyo hatua chache mbele, na mteja alitulia mpaka picha ipigwe. Jukwaani mtu hutembea, taa hubadili rangi, na aliyeketi nyuma kabisa lazima amtofautishe mfalme na ukuta. Rangi ya mavazi na ya pazia zisipopangwa pamoja, mwimbaji humezwa.

Baadaye Bilibin aliishi Misri, 1920 hadi 1925, na mwaka 1929 mjini Paris akaipamba opera nyingine ya Rimsky-Korsakov, ya Mfalme Saltan. Mtindo wake ulibaki ule ule.

Kwa hiyo, walimu wanaoandaa tamasha za shule na vikundi vya maigizo huku Changamwe, mwiteni mchoraji wa matatu. Mkono wa kuchora kwa mbali anao tayari. Mpeni vipimo vya jukwaa mapema, mkae naye mpange rangi za mavazi, na mlipeni kama fundi mwingine yeyote wa onyesho.