Katuni za The Flash kwa Msomaji wa Makindye: Kitabu, Simu au Mtumba?

Vijana wengi wa Katwe, Kabalagala na Kansanga, mitaa ya Makindye jijini Kampala, wamemjua The Flash kupitia televisheni, au filamu ya 2023. Wanapotaka kusoma katuni zenyewe, hukutana na Barry Allen, shujaa wa kasi ya ajabu aliyeanza mbio zake akiwa The Flash 1956, na mlundikano wa matoleo usio na mlango wazi. Ushauri wangu ni kuanza na Flashpoint ya 2011, iliyoandikwa na Geoff Johns na kuchorwa na Andy Kubert. Barry anaamka katika dunia iliyogeuka: mama yake aliyeuawa zamani yu hai, na yeye mwenyewe hana tena kasi yake, kwa sababu kuna mtu aliyechezea wakati uliopita. Hadithi ina matoleo matano tu. Lililobaki ni kuangalia mfuko.

Hesabu zifuatazo zinachukua dola moja ya Marekani kuwa shilingi 3,600 za Uganda. Kiwango hupanda na kushuka, kwa hiyo zirudie siku unayonunua.

Toleo mojamoja. Kila toleo lilitoka kwa dola 3.99, yaani kama shilingi 14,400. Matano ni karibu 72,000, kabla ya kulipia usafiri kutoka nje. Toleo moja huisha kabla chai haijapoa. Hii ni njia ya wakusanyaji, siyo ya mwanafunzi.

Kitabu kizima. Matoleo yote matano yamejalidiwa pamoja, na chenye jalada jepesi huuzwa Marekani kwa chini ya dola 20. Duka la Kampala, mfano Aristoc Booklex, likikuagizia, gharama ya kukileta itaingia kwenye bei, basi ulizia bei ya mwisho kabla ya kuweka malipo ya awali. Angalia pia jina kwenye jalada. Kuna vitabu vya pembeni viitwavyo The World of Flashpoint, vyenye hadithi za Batman, Superman na wengine katika dunia hiyohiyo. Usipoona majina ya Johns na Kubert, siyo chenyewe. Mpe muuzaji namba ya ISBN ili asikosee.

Simu. Kwenye Kindle matoleo ya zamani ya DC, mchapishaji wa The Flash, mara nyingi huuzwa dola 1.99, kwa hiyo matano ni kama shilingi 35,800, nusu ya bei ya karatasi. Utahitaji kadi inayolipa mtandaoni. Kumbuka bando pia: tangu Julai 2021 data ya intaneti Uganda inatozwa kodi ya asilimia 12, iliyochukua nafasi ya ile shilingi 200 kwa siku ya mitandao ya kijamii iliyoanza 2018. Pakua mara moja palipo na waifai, kisha soma bila mtandao. Hasara mbili zinabaki. Ya kwanza ni kioo kidogo: picha iliyochorwa kuvuka kurasa mbili, Barry akikimbia upande huu hadi ule, hukatwa vipande, na kasi yake hupotea machoni. Ya pili ni kwamba huwezi kumwazima jirani.

Bure na halali. Programu ya WEBTOON ina katuni za DC zilizochorwa kwa ajili ya simu, unazisoma kwa kuteremsha kidole. Mpenzi wa safari za wakati aanze na Zatanna & the Ripper ya 2022, inayompeleka Zatanna, mwanamke wa mazingaombwe, kwenye London ya karne ya 19. Manga Plus ya Shueisha nayo hutoa bure sura za mwanzo na za karibuni za manga za Kijapani. Gharama yako ni data tu.

Mtumba. Vitabu vya kando ya barabara mjini vinaweza kukuokolea pesa nyingi. Fungua kitabu uone kama gundi ya mgongo inashika, hesabu kurasa, kisha tazama namba ya juzuu. Juzuu ya tatu bila mbili za kwanza ni hasara hata kwa bei ya kutupa.

Mafaili ya wizi yanayorushwa kwenye WhatsApp sikuyaweka kwenye mizani. Wachoraji wanaishi kwa kazi hii, na kijana wa Makindye mwenye ndoto ya kuchora anastahili soko linalolipa.

Uamuzi wangu unafuata idadi ya wasomaji. Ukiwa peke yako na una haraka, nunua ya simu. Ukiwa na wadogo zako au wenzako wa darasa, changeni kitabu kizima: kikifika kwa shilingi 80,000 na mkawa watano, kila mmoja ametoa 16,000, na bado kinaweza kuazimwa au kuuzwa tena. Kama fedha haipo mwezi huu, anza na za bure, ujue kwanza kama mtindo huu unakufaa, kabla ya kutoa hata shilingi moja ya kitabu.